Jishinde Ushinde: Shule Iliyohama na Deni la Karo

Mtu asiyejua akiisikia Mang'u High School iliyo karibu na mji wa Thika, atadhani jina ni la mahali pale. Sivyo. Mang'u yenyewe iko upande wa Gatundu, na kabla ya Mang'u kulikuwa na Kabaa, kule Ukambani. Shule imehama mara mbili. Nyuma ya safari hiyo kuna historia ya elimu ya Kikatoliki nchini Kenya, na swali ambalo bado linatusumbua: mtoto anayeweza kusoma lakini hana karo, aende wapi?

Tuanzie 1925. Padri Michael Witte, Mholanzi wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifungua shule Kabaa, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Machakos. Huo haukuwa wakati wa kawaida. Mwaka uliotangulia, Tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imepita Afrika Mashariki ikikagua elimu ya Waafrika, na serikali ya kikoloni ilianza kuona faida ya kuzipa shule za misheni ruzuku mradi zikubali kukaguliwa. Mwaka uliofuata, 1926, misheni za Kiprotestanti zikafungua Alliance kule Kikuyu. Wakatoliki nao hawakutaka kubaki nyuma. Vijana wenye vipaji wangeenda kwa nani?

Roma pia ilikuwa imebadilisha mwendo. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia wamisionari waliokutana Dar es Salaam kwamba ikibidi kuchagua, heri makanisa yasubiri na shule ziimarishwe. Kwa mapadri waliozoea kuhesabu ubatizo, hayo yalikuwa maneno mazito. Kuanzia hapo chaki na rozari zikatembea pamoja.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vinaanza, masomo ya juu yakahamishiwa Mang'u, na shule ikajulikana kama Holy Ghost College. Kabaa haikufa. Masomo yaliendelea pale, na hadi leo kuna shule ya sekondari. Ila umaarufu ulikuwa umeshapanda gari na kuondoka. Wenyeji wa Kabaa wanayo haki ya kukumbusha watu kwamba mti ulioota Kiambu mbegu yake ilitoka kwao.

Sasa tuwatazame vijana wawili. Wa kwanza ni Tom Mboya, aliyezaliwa 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, ambako baba yake, Mluo kutoka Rusinga, alikuwa mfanyakazi. Alianza masomo Kabaa, akapelekwa Yala upande wa Nyanza, halafu 1946 akaingia Mang'u. Wa pili ni Mwai Kibaki, mtoto wa wakulima wa Othaya, aliyefika Mang'u 1947 akitokea Nyeri.

Kibaki alimaliza 1950, akaenda Makerere, kisha London School of Economics. Mboya hakupata bahati hiyo. Alifaulu mtihani, lakini pesa nyumbani ziliisha. Mvulana huyo aliyekuwa na akili ya kwenda mbali aliacha shule, akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya na kuajiriwa na manispaa ya Nairobi. Msione kama nazungumzia uzembe wa mtu. Baba alikuwa na watoto wengine na mshahara wa mkonge ulikuwa ule ule.

Kilichofuata kinajulikana. Mboya aliingia vyama vya wafanyakazi, akashinda kiti cha Baraza la Kutunga Sheria 1957, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyosaidia kuipanga ikaondoka Nairobi kwenda Marekani na vijana 81. Siwezi kusema alikuwa analipa deni la Mang'u. Hayo ya moyoni aliyajua mwenyewe. Lakini ni vigumu kuitazama ndege ile bila kumkumbuka kijana aliyekosa karo. Na Kibaki? Alipoapishwa kuwa Rais mwisho wa 2002, elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari iliyofuata.

Mambo ya shule yenyewe nayo yalikuwa yanageuka. Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka usimamizi wa shule za misheni mikononi mwa serikali, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mang'u ikahamia Thika, kwenye nafasi kubwa zaidi. Ikaja kuwa miongoni mwa shule chache nchini zinazofundisha somo la ndege.

Cheo hicho cha mfadhili kimeleta maneno mengi nchini. Serikali inalipa walimu kupitia TSC, wazazi wanalipa karo, na kanisa lina ardhi, kikanisa na kumbukumbu. Mwalimu mkuu mpya akitumwa ambaye si wa dhehebu hilo, utasikia kelele. Sheria ya 2013 inampa mfadhili nafasi katika bodi na katika malezi ya kiroho, ila inalinda pia mwanafunzi wa imani nyingine. Kwenye bweni, hata hivyo, mambo huwa mepesi zaidi. Mwislamu, Mprotestanti na Mkatoliki wanagawana ndoo na kulalamikia githeri ile ile. Mono hufua soksi na kuogopa kengele, bila kujali alibatizwa wapi.

Kauli mbiu ya Mang'u ni ya Kiswahili: Jishinde Ushinde. Ni maneno mazuri, na waliopita pale huyabeba hadi uzeeni. Lakini kisa cha Mboya kinatuonyesha kwamba mtu anaweza kujishinda kabisa na bado akashindwa na karo. Kila Januari kuna mtoto aliyepata barua ya kuitwa shule kubwa na ambaye sanduku lake bado halina kitu. Vyama vya wanafunzi wa zamani, parokia na kaunti vina mifuko ya basari. Anayejivunia jina la shule yake angefanya vyema kuuliza mwaka huu mfuko huo una kiasi gani, na ni nani aliyerudishwa nyumbani.