Chujio Haliongezi Rangi: Mwanga, Soko na Msitu kati ya Kibaha na Kisarawe

Tuchukue meza ya nyanya iliyotiwa kivuli cha turubai jekundu sokoni Maili Moja, Kibaha. Fungu lote linaonekana limeiva sawasawa. Nyanya moja ikitolewa juani, ukijani unaozunguka kikonyo unajitokeza mara moja. Watu husema turubai limeitia nyanya rangi. Makala haya yanapinga kauli hiyo: turubai halitoi rangi yoyote, kazi yake ni kunyima.

Mwaka 1672 Isaac Newton alichapisha majaribio yake ya mche wa kioo, akaonyesha kuwa mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Turubai jekundu humeza sehemu kubwa ya kijani na buluu, likapitisha nyekundu. Kitu nacho hakiwezi kurudisha machoni mwanga ambao hakikuupata. Sehemu ya nyanya ambayo haijaiva, iliyopaswa kurudisha kijani, inabaki nyeusinyeusi kama kivuli cha kawaida, na mnunuzi anaipita bila kuishuku. Kilichopotea hapo ni tofauti yenyewe aliyoihitaji ili achague. Udongo mweupe wa Pugu, ile kaolini, unathibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Kwa kuwa hurudisha karibu kila rangi inayoufikia, chini ya taa nyekundu huwa mwekundu na chini ya taa ya kijani huwa wa kijani.

Yupo atakayesema kwamba jicho huzoea. Ni kweli, na Johannes von Kries alilieleza hilo tangu mwaka 1902: vipokezi vya jicho hujirekebisha kulingana na mwanga uliopo, ndiyo maana shuka jeupe huonekana jeupe adhuhuri na pia usiku kwenye mwanga wa koroboi. Lakini hoja hiyo haimwokoi mnunuzi. Jicho linaweza kusawazisha kilicholifikia, haliwezi kukirudisha ambacho hakikufika. Tena mazoea hayo ndiyo hatari kubwa zaidi, kwani humwondolea mtu hisia kwamba kuna kitu kimepungua.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, una chujio la aina hiyohiyo, kubwa na la kale. Klorofili ya majani ya juu hula nyekundu na buluu. Mwanga unaofika chini ni kidogo, wenye ukijani, pamoja na nyekundu ya mbali ya takriban nanomita 730 ambayo jicho letu karibu haliioni kabisa. Mbegu nyingi huihisi. Mwaka 1952 watafiti wa Beltsville, Marekani, walionyesha kwamba mbegu za saladi huchipua zikimulikwa nyekundu, na huzuiwa zikimulikwa nyekundu ya mbali. Kwa uwezo huo mbegu ya aina hiyo hutambua kwamba juu yake bado kuna majani, ikasubiri hadi mti uanguke. Sisi tunaopita chini ya miti hiyo tunaona ubichi wa kupendeza tu. Mbegu inasoma upungufu.

Wodi za watoto wachanga zimelielewa somo hili kuliko masoko. Mwanga wa buluu wa karibu nanomita 460 hubadilisha bilirubini, kemikali inayotia ngozi ya mtoto umanjano, ili mwili uweze kuitoa, lakini mwanga huohuo huficha umanjano wa ngozi na hata dalili za kukosa oksijeni. Kwa hiyo taa huzimwa mtoto anapokaguliwa rangi, na bilirubini hupimwa badala ya kukisiwa kwa macho.

Sioni sababu ya mnunuzi wa chakula kulindwa kwa kiwango cha chini kuliko hicho. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe, zinapojenga au kukarabati masoko, zidai mapaa na maturubai meupe yanayopitisha mwanga, na taa nyeupe katika mabucha, kwa sababu taa nyekundu hufifisha tofauti kati ya nyama mbichi nyekundu na ile iliyoanza kuwa ya kahawia. Hadi hapo, mnunuzi na aitoe nyanya juani kabla ya kulipa, na muuzaji asimzuie.