Wasio na Makao katika Nchi ya Masasi: Funzo la Historia kwa Huduma ya Kanisa

1. Utangulizi

Tunapozungumza juu ya huduma kwa wasio na makao, mara nyingi twawaza miji ya Ulaya, ambako wakati wa baridi washarika hujitolea kufungua kumbi za makanisa ili watu wasife barabarani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba huduma hiyo ina historia yake pia kusini mwa Tanzania, katika nchi ya Masasi, Ndanda na Newala. Huko hakuna theluji. Majira yanayomjaribu asiye na makao ni yale ya mvua, tangu Desemba hadi Aprili: paa hana, njia hazipitiki, akiba ya chakula imekwisha, nayo mazao mapya yangali shambani. Kwa hiyo kumsaidia si kumhifadhi usiku mmoja tu, bali kumfikisha kwenye mavuno yake ya kwanza.

2. Walioachwa huru, 1876

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba uliotiwa sahihi na Sultani Barghash. Lakini kuachwa huru si kupata kwenu. Wengi wa waliookolewa walikuwa wametekwa bara, wakabaki Unguja bila ukoo wala shamba. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka na kundi la zaidi ya watu 50 wa namna hiyo, akapitia Lindi, akikusudia kuwapeleka mbali zaidi kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye majabali na ardhi njema, watu hao hawakutaka kuendelea. Steere akakubali, na kijiji kikaanzishwa. Na tulizingatie jambo hili: mahali pa makao palichaguliwa na wenyewe waliokosa makao.

Amani hiyo haikudumu. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliushambulia Masasi. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Wale waliokuwa wamepata makao waliyapoteza mara ya pili. Chauncy Maples alihamishia kazi yake Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao, aliyewapokea. Kisha mwaka 1886 alifika Chitangali shemasi Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa na kulelewa na misheni Unguja. Mwaka 1890 alipewa daraja la ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika UMCA, akaichunga Chitangali hadi 1897. Aliyepokelewa amekuwa mpokeaji.

3. Waliovuka Ruvuma, 1964

Nchi hiyo ilijua tena moto wakati wa Vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa, na mwaka uliofuata Ndanda ikaanzishwa. Lakini wimbi kubwa zaidi la wasio na makao lilikuja baada ya Septemba 1964, FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi huko Msumbiji. Maelfu walivuka Mto Ruvuma, Wamakonde wengi miongoni mwao.

Hapo Walutheri tunaguswa moja kwa moja. Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni liliundwa Lund mwaka 1947, wakati Walutheri wengi wa Ulaya walikuwa wenyewe wakimbizi wanaokabili baridi bila nyumba. Mwaka 1964 shirikisho hilo lilianzisha huduma ya wakimbizi ya TCRS nchini mwetu. Pamoja na Serikali na Umoja wa Mataifa, TCRS ilisimamia makazi ya Wamsumbiji kama Rutamba, mkoani Lindi. Njia yake ilikuwa kumpa mkimbizi ardhi, jembe na mbegu, pamoja na posho ya chakula mpaka avune.

Hata hivyo, si wote waliokwenda kwenye makazi hayo. Wengi walikaa kwa jamaa na wenyeji wa lugha yao, waliowagawia shamba na maji, katika nchi ya juu ya Wamakonde ambako maji ni haba tangu zamani. Hao ndio waliojitolea kwanza, na majina yao hayamo katika taarifa zetu.

4. Hitimisho

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, lakini Ruvuma haujaacha kuvukwa. Tangu Oktoba 2017 mapigano ya Cabo Delgado yamewatawanya watu wengi. Mwaka 2021, baada ya shambulio la Palma, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilieleza wasiwasi wake kwamba maelfu waliokimbilia Tanzania walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano. Twajua kwamba dola ina wajibu wa kulinda mpaka. Lakini Kanisa nalo lina wajibu wa kukumbuka na kusema.

Mathayo 25 haimuulizi mgeni ametoka ng'ambo ipi ya mto. Historia ya Masasi nayo yatufundisha kwamba mgeni aliyepewa ardhi, muda na sauti huweza kuwa mchungaji wa wenyeji wake. Yatupasa basi, wakati tunapohesabu gharama ya kumpokea, tuhesabu pia hasara ya kumkataa: kama Masasi ingefungwa mwaka 1876, tungempata wapi Majaliwa wa Chitangali?