KABLA YA TESLA KULIKUWA NA MAFUNDI WA UANI

Mei 19, 2018, jioni, Prince Harry na Meghan wanatoka Windsor Castle kwenda kwenye sherehe yao ya usiku. Dunia nzima macho kwenye gauni na pete. Watu wa magari wao wakawa wanaangalia kitu kingine kabisa: Jaguar E-Type ya 1968, lile gari lenye boneti refu kama pua ya mamba, linaondoka bila muungurumo hata kidogo. Ndani ya boneti injini hakuna. Kuna betri na mota.

Mitandaoni ilipokelewa kama wazo jipya la kiwanda. Mdau wangu, siyo jipya. Kuchukua gari la zamani, kutoa injini na kuweka umeme ni mchezo uliokuwepo kabla Harry hajazaliwa, na waliouanzisha hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na uani, spana na majirani wanaowaona wamerukwa na akili. Wengi wao majina yao hutayasikia popote. Ila kama si wao, gari la umeme lingekuwa limekufa zamani.

Maana lilishawahi kufa kweli. Mwaka 1900 Marekani magari ya umeme yalikuwa kibao barabarani, na matajiri wa mjini waliyapenda kwa sababu gari la petroli ulikuwa unaliwasha kwa kupiga hendeli, na hendeli ikirudi nyuma inakuvunja mkono. Mwaka 1912 Cadillac wakaja na stata ya umeme. Hendeli kwisha. Petroli ilikuwa rahisi, inakwenda mbali, viwanda vikahamia huko mazima. Waliobaki na umeme ni watu waliobanwa na shida ya mafuta.

Chukua Paris, 1942. Wajerumani wameikalia Ufaransa, na petroli kwa raia wa kawaida imekuwa kitu cha kuota tu. Msanii mmoja, Paul Arzens, mchoraji aliyekuja kujulikana zaidi kwa dizaini za treni, akajitengenezea gari la matairi matatu. Bodi ni aluminiamu iliyokunjwa, mlango na kioo cha mbele ni plastiki angavu iliyopindwa, umbo zima ni yai. Ndivyo lilivyoitwa, yai la umeme. Tafuta picha zake. Utadhani limetoka kwenye filamu ya mwaka 2050, kumbe nje ya kioo wanajeshi wa Hitler wanapita.

Vita ikaisha, mafuta yakarudi, mambo yakapoa. Halafu 1968 likatokea tukio ambalo mpaka leo linanifurahisha. Wanafunzi wa Caltech kule California wakawachokoza wa MIT upande wa pili wa nchi: kila mmoja aendeshe gari lake la umeme mpaka chuoni kwa mwenzake. Zaidi ya kilomita 5,000. Caltech walikuwa na Volkswagen ya basi ya 1958 iliyogeuzwa na mwanafunzi mmoja, Wally Rippel. MIT wakaja na Chevrolet Corvair. Njiani kulikuwa na vituo vya kuchajia 54 vilivyotegwa maalumu kwa ajili yao, na betri zilikuwa zinapata moto mpaka zinapozwa kwa barafu. MIT walifika kwanza, lakini walikuwa wamevutwa sehemu ya njia, wakakatwa muda. Ushindi ukaenda kwa kile kibasi, kwa tofauti isiyofika saa moja baada ya siku karibu tisa. Huyo Rippel mkumbuke, nitarudi kwake.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikawafungia Marekani mafuta. Pipa lililokuwa dola 3 likakaribia dola 12 ndani ya miezi michache. Foleni kwenye vituo zikazunguka mitaa. Hapo ndipo mafundi wa uani wakawa wengi ghafla. Mota walizitoa wapi? Kwenye chakavu za jeshi. Ndege za kivita zilikuwa na mota kubwa za kuwashia injini, na jeshi lilikuwa linazimwaga kwa bei ya kutupa. Kule Arizona kulikuwa na jamaa wawili waliouza michoro ya vigari vidogo vya kujitengenezea nyumbani: unachonga umbo kwa povu gumu, unalipaka faiba, chini unaweka mitambo. Hukuhitaji mashine ya kukandamiza bati. Ulihitaji subira na mke asiyelalamikia harufu ya faiba.

Ila bingwa wangu wa kipindi hicho ni jamaa wa Arkansas aliyechukua Opel GT, kigari cha michezo kinachofanana na Corvette iliyorushwa maji ikasinyaa. Akatoa injini, akaweka mota ya kuwashia ndege, betri nne, na injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi ya kuzungusha jenereta ili betri zisiishe. Yaani haibridi, miaka karibu ishirini kabla ya Prius. Gharama dola 1,500 hivi. Gari likawa linakwenda karibu kilomita 32 kwa lita moja. Jarida la Mother Earth News lilipoandika habari zake mwaka 1979, watu wapatao 60,000 waliagiza michoro. Elfu sitini! Hakuna kampuni kubwa iliyompigia simu ya maana.

Baadaye likaja gari lililopendwa kuliko yote kwa kazi hii, Porsche 914. Lilitengenezwa 1969 mpaka 1976, na wenye Porsche zao walilidharau wakidai ni Volkswagen iliyovaa suti. Kwa hiyo lilikuwa rahisi. Ni jepesi, injini iko katikati, na lina buti mbili, mbele na nyuma. Fundi wa umeme akiona buti mbili anaona sehemu mbili za betri.

Na betri ndiyo ilikuwa mateso. Giaboksi unaiacha, unachonga bamba la chuma la kuunganisha mota nayo, likikosewa milimita moja shafti inatetemeka mpaka meno yanauma. Hilo fundi mzuri anafanya. Lakini betri za risasi, zile za vigari vya uwanja wa gofu, moja ina kilo 28. Ukiweka 18 umebeba kilo 504 kwenye gari ambalo lenyewe lina kama kilo 900. Springi unabadilisha, breki unaogopa, na baada ya mateso yote unakwenda labda kilomita 80 ndio unatafuta soketi. Kilo moja ya petroli ina nishati zaidi ya mara 300 ya kilo moja ya betri hizo. Jamaa hawa walijua hesabu hiyo vizuri, na bado walikwenda kazini na magari yao kila siku.

Sasa sikia hii. General Motors nao walitoa gari la umeme, EV1, kati ya 1996 na 1999, magari 1,117. Zuri, la kisasa, watu wakalipenda. Lakini hukuruhusiwa kulinunua, ni kukodi tu. Kampuni ilipochoka ikayakusanya na kuyasaga karibu yote. Mwaka 2005 watu walikesha nje ya yadi huko California wakijitolea kulipa jumla ya dola milioni 1.9 kwa magari 78 yaliyobaki. Wakakataliwa. Wakati huohuo yule mwenye 914 yake ya betri za gofu alikuwa anapita barabarani kama kawaida. La kwake alilitengeneza mwenyewe, nani angekuja kulichukua?

Na mbegu ilitokea hukohuko uani. Karibu na mwaka 2000 kijana anayeitwa JB Straubel aligeuza Porsche 944 chakavu kuwa ya umeme. Kampuni ndogo ya California, AC Propulsion, ilikuwa na kigari kinaitwa tzero, kilichojengwa juu ya gari la kuungaunga la faiba, vilitengenezwa vitatu tu. Mwaka 2003 wakatoa betri za risasi wakaweka seli 6,800 za aina ya zile za laptop. Kikapungua uzito, kikafika kilomita 96 kwa saa ndani ya sekunde 3.6. Waliokiendesha wakatoka hapo na wazo la Tesla. Straubel akawa bosi wa ufundi wa Tesla. Na yule Rippel wa kibasi cha 1968? Alipita kwenye mradi uliozaa EV1, akapita AC Propulsion, akaishia Tesla.

Leo kazi imerahisika. Unanunua Nissan Leaf iliyopata ajali, unachomoa mota na betri, unapandikiza. Wapo wanaochukia. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilisema mwaka 2019 kwamba gari likishageuzwa hivyo si la kihistoria tena. Nawaelewa, sauti ya E-Type ni nusu ya E-Type. Ila gari linalooza bandani halina sauti yoyote.

Huku kwetu Nairobi kuna kampuni iliyoanza 2017 ikigeuza Land Cruiser na Land Rover za safari. Na Machi 2022 hapa Dar, mchora katuni maarufu ambaye pia ni mtangazaji wa redio, unamjua, alizindua kigari cha umeme alichokitengeneza. La Paris nalo lilitengenezwa na mchoraji, sijui hawa watu wana nini.

Haya, kwenu kuna gari gani limelala uani, tairi zimekaa chini, injini imekufa ila bodi bado zima? Tupia aina na mwaka hapo chini.