Jina la Datsun

Jina ni kitu chepesi kutamkwa na kizito kuchukuliwa. Mtu hupewa jina siku chache baada ya kuzaliwa, akaishi nalo mpaka kaburini, na wale wasiomjua kwa sura humjua kwa jina. Bidhaa nazo zina majina, na historia ya baadhi ya majina hayo yastahili kusomwa kama isomwavyo historia ya watu. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za Datsun, motokaa ya Kijapani iliyojulikana sana katika barabara za Afrika ya Mashariki, na kwa habari hizo kuuliza swali moja: jina jema ni mali ya nani? Ni mali ya kiwanda kilicholisajili, au ya watu waliolifanya jema kwa kulitumia? Mimi ni mwalimu wa lugha, si fundi wa mitambo. Kwa hiyo nitaanza na neno lenyewe.

Mwaka 1911 mhandisi Masujiro Hashimoto alifungua karakana ya motokaa mjini Tokyo. Kazi hiyo ilikuwa ngeni katika Japani, na mtu asiye na mtaji hakuweza kuifanya peke yake. Aliungwa mkono na watu watatu: Kenjiro Den, Rokuro Aoyama na Meitaro Takeuchi. Motokaa yake ilipokamilika mwaka 1914 aliiita DAT, yaani herufi za kwanza za majina ya wafadhili wake. Ikasadifu kwamba sauti ya jina hilo hukaribiana na neno la Kijapani lenye maana ya sungura aliyeshtuka akatimua mbio. Tangu mwanzo, basi, jina hili lilikuwa shukrani kwa waliotoa na ahadi ya mwendo kwa watakaopanda.

Mwaka 1931 warithi wa karakana ile walitengeneza motokaa ndogo wakaiita Datson, wakiazima neno la Kiingereza lenye maana ya mwana. Ilikuwa mwana wa DAT. Walakini neno geni halivuki mpaka bila kukutana na wenyeji. Sauti ya "son" katika Kijapani yaweza kuwa na maana ya hasara, na ni mfanyabiashara gani apendaye kuuza hasara? Mwaka 1932 herufi moja ilibadilishwa, "son" ikawa "sun", yaani jua, ambalo ndilo alama ya bendera ya nchi hiyo. Wazee wetu, waliochelea kumpa mtoto jina lenye fali mbaya, wasingeshangazwa na uamuzi huo.

Wakati huo shughuli za DAT zilikuwa zimeingia mikononi mwa tajiri aitwaye Yoshisuke Aikawa. Mwisho wa mwaka 1933 aliunda kampuni ya motokaa huko Yokohama, na mwaka 1934 ikaitwa Nissan, kifupi cha Nihon Sangyo, maana yake Viwanda vya Japani. Yakawapo majina mawili: Nissan, jina la kampuni, na Datsun, jina la motokaa zake ndogo. Mwaka 1935 Datsun ilianza kuundwa kwa mfululizo, kila mfanyakazi akitia sehemu yake na kuipisha mbele kwa mwenziwe. Mhandisi wa Kimarekani, William Gorham, alikuwa miongoni mwa walioweka misingi ya kazi hiyo. Juu ya pua ya motokaa za mwaka huo palisimama sanamu ndogo ya sungura arukaye, kumbukumbu ya maana ya kale.

Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza kazi hiyo, na amani iliporudi wahandisi wa Nissan walijikuta nyuma ya wenzao wa Ulaya. Hawakuona haya kwenda shule. Mwaka 1952 walipatana na kampuni ya Austin ya Uingereza kuunda motokaa zake nchini Japani, na baada ya miaka michache waliweza kutengeneza sehemu zake zote wenyewe. Haifai, hata hivyo, kusimulia maendeleo hayo kana kwamba hayakuwa na machungu. Mwaka 1953 wafanyakazi waligoma kwa muda mrefu. Chama chao kikavunjwa nguvu, na mahali pake kikasimama chama kilichopatana na wakuu wa kampuni. Anayelisifu jina la Datsun hana budi kuwakumbuka na hao.

Mtihani wa kwanza ulio mkubwa nje ya Japani ulikuja mwaka 1958. Motokaa mbili za aina ya Datsun 210 zilipelekwa Australia kushindana katika safari ya kuizunguka nchi hiyo, kadiri ya kilomita 16,000, nyingi zikiwa katika njia mbaya. Moja iliitwa Fuji, kwa jina la mlima, na ya pili Sakura, kwa jina la ua wanalolipenda Wajapani. Kiongozi wa msafara alikuwa Yutaka Katayama. Fuji ikawa ya kwanza katika daraja lake, na Wajapani waliokuwa wakiitilia shaka kazi ya mikono yao wenyewe wakaanza kuinua vichwa.

Mwaka huo huo Datsun ilionyeshwa Los Angeles, nchini Marekani, na huko ushindi haukuja upesi. Injini yake, iliyotokana na ile ya Austin, ilikuwa na ujazo wa sentimita 988 na nguvu za farasi 37 tu. Motokaa iliyostahimili mawe ya Australia ilisumbuka katika njia kuu za California, ambako kila mtu hukimbia. Wamarekani walilalamika kwamba haina nguvu, kwamba breki zake hazitoshi, na kwamba asubuhi ya baridi ni shida kuiwasha. Kampuni ingaliweza kujibu kwamba wateja hawajui kuendesha. Lakini Katayama, aliyepelekwa huko mwaka 1960, alishika njia nyingine: alisikiliza. Alizunguka kwa wauzaji, akayachukua malalamiko ya wenye motokaa, akayapeleka Japani, na aghalabu alibishana na wakubwa wake waliokuwa mbali na barabara zile.

Matunda ya usikivu huo yalionekana mwishoni mwa mwaka 1967, ilipotoka Datsun 510. Ilikuwa na injini ya ujazo wa lita 1.6, na kila gurudumu la nyuma lilipanda na kushuka peke yake bila kuliyumbisha jenziwe. Jambo hilo lilipatikana zaidi katika motokaa za bei kubwa za Ulaya. Nchini Marekani iliuzwa kwa bei isiyofika dola 2,000. Mwaka 1971 na 1972 motokaa ya aina hiyo, ikiendeshwa na John Morton, ilishinda ubingwa wa daraja la magari madogo katika mashindano ya Trans-Am.

Baada ya 510 ikaja motokaa ya fahari, na pamoja nayo kisa kingine cha jina. Mkuu wa Nissan, Katsuji Kawamata, alikuwa amependezwa na mchezo wa kuigiza wa My Fair Lady, na motokaa za mwendo za kampuni yake zikaitwa Fairlady. Katayama aliona kwamba jina la bibi mrembo halitauza chombo cha mbio kwa vijana wa Kimarekani. Husimuliwa kwamba shehena ilipowasili aliing'oa alama ile na kubandika nyingine: 240Z, kwa sababu injini ilikuwa ya lita 2.4. Mwaka 1970 ilianza kuuzwa huko kwa dola 3,526, na wanunuzi wakapanga foleni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo mtihani uliolifikisha jina hili masikioni mwetu ulifanyika katika ardhi yetu wenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ya mvua, ili vumbi na tope viwe waamuzi. Nissan ilijaribu kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Magari 84 yalianza, 7 tu yakafika mwisho, na lake halikuwamo. Kampuni haikukata tamaa. Mwaka 1966 Datsun ilishinda daraja lake, na mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schuller waliishinda Safari yote kwa 510, huku Joginder Singh akishika nafasi ya pili kwa motokaa ya aina hiyo hiyo. Herrmann akashinda tena mwaka 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 ilikuwa zamu ya Shekhar Mehta, Mkenya mzaliwa wa Uganda, ambaye tena alishinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hata 1982. Jumla yake ni ushindi mara 7 katika miaka 13.

Mkulima aliyesimama kando ya njia akaiona motokaa ikitoka topeni ikiunguruma hakuhitaji tangazo la gazeti. Alijua kwamba njia ile ndiyo yake ya kila siku. Ndiyo sababu Datsun 1200 na 120Y zilienea kwetu, na pikapu zake zikawa wapagazi wa vijiji na miji. Ukiwauliza waliozitumia, watakusifia mambo yale yale: injini isiyo na siri, nafasi ya kutosha ndani ya boneti kwa fundi kuingiza mikono miwili, kabureta iwezayo kufunguliwa na kusafishwa kando ya barabara. Watakulalamikia pia jambo moja, nalo ni kutu. Bati lake halikustahimili chumvi, na malalamiko hayo yalitoka kwa watu wa pwani kama yalivyotoka kwa Wamarekani wa majimbo yamwagayo chumvi barabarani wakati wa theluji. Injini ilidumu kuliko mwili, kinyume cha ilivyo kwa wanadamu, ambao mara nyingi moyo hutangulia.

Katika mtaa niliokulia, mjini Tanga, mzee mmoja alikuwa na pikapu ya namna hiyo. Ilibeba mahindi, ikabeba bibi arusi, na zaidi ya mara moja ilibeba jeneza. Hakuna aliyesema "gari la mzee". Sote tulisema "Datsun". Baadaye aliiuza akanunua gari la kampuni nyingine, nasi tukaendelea kutumwa kumwomba Datsun yake, naye hakutusahihisha. Nchini Kenya jambo kama hilo lililipata jina la pili: matatu ya viti 14 iliitwa nissan na abiria, hata ilipokuwa imetoka kiwanda kingine. Hapo ndipo jina linapotoka katika daftari la mwenye kiwanda na kuingia katika kamusi ya watu.

Ilikuwa ajabu, basi, kwamba mwaka 1981 wakuu wa Nissan walitangaza kuliondoa jina la Datsun ili kampuni ijulikane kwa jina moja duniani kote. Walikuwa na haki ya kisheria. Lakini walikuwa wakifuta neno ambalo maana yake ilikuwa imeandikwa na wengine: mafundi, madereva, na wateja waliolalamika wakasikilizwa. Vibao vilibadilishwa kwa gharama kubwa, na kwa muda motokaa zikabeba majina mawili, kama mtu anayehama nyumba usiku. Kufikia katikati ya miaka hiyo ya themanini Datsun ilikuwa imekwisha katika maduka, si katika vinywa.

Mwaka 2012 kampuni iliamua kulifufua, na mwaka 2013 ikazindua Datsun GO mjini New Delhi, motokaa ya bei nafuu kwa nchi kama India, Indonesia, Urusi na Afrika ya Kusini. Mwaka 2014 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari, liliigongesha kwa majaribio. Ikapata nyota 0 katika kuwalinda watu wazima waliomo. Haikuwa na mifuko ya hewa, na mwili wake ulikuwa dhaifu kiasi kwamba mifuko hiyo peke yake isingeuokoa. Mwenyekiti wa shirika alimwandikia mkuu wa Nissan akimtaka aiondoe sokoni. Kampuni ilijibu kwamba gari lilitimiza masharti ya nchi ile. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na halikutosha. Maana anayenunua jina la zamani hanunui masharti, hununua imani iliyowekwa na waliomtangulia, na safari hii imani hiyo ilikuwa imechukua roho za watu. Mwaka 2022 utengenezaji wa Datsun ulikomeshwa nchini India, na jina likalala mara ya pili.

Nimeuliza jina jema ni mali ya nani. Historia hii yanijibu kwamba si mali bali ni amana. Kiwanda hulisajili, mtumiaji hulijaza, na kila mmoja humweka mwenziwe dhamana. Wakati Datsun ilipokuwa na injini dhaifu lakini ina masikio, jina lake lilipanda. Iliporudishwa ikiwa na jina kubwa na masikio madogo, halikuweza kusimama. Wanafunzi wanaojiandaa kushika kalamu, ofisi au karakana wataamini amana kama hiyo siku moja, na mwenye kulalamika atakapowajia, wajue kwamba huyo ndiye mwandishi wa jina lao.