Malcolm X kati ya kalamu ya Haley na kamera ya Spike Lee

Kitabu kilikuwa karibu kukamilika pale mwenye maisha yake alipouawa. Jumapili ya tarehe 21 Februari 1965, Malcolm X alipigwa risasi jukwaani katika ukumbi wa Audubon, kaskazini mwa Manhattan, mbele ya mkewe mjamzito na binti zake. Wiki chache baadaye kampuni ya Doubleday, iliyokuwa na mkataba wa kuchapa tawasifu yake, iliuvunja mkataba huo kwa kuhofia usalama wa wafanyakazi wake. Muswada ukachukuliwa na Grove Press, kampuni ndogo iliyokuwa na ujasiri zaidi, na kitabu kikatoka kabla mwaka huo haujaisha. Kufikia 1977 kilikuwa kimeuzwa nakala zipatazo milioni 6.

Mwaka 1992 ikaja filamu ya Spike Lee, na Denzel Washington akamvaa Malcolm barabara hata vijana wengi wanapolisikia jina hilo huiona kwanza sura ya Denzel. Kwa hiyo mtu tunayedhani tunamjua tumepewa na mikono miwili, wa mwandishi mmoja na wa mwongozaji mmoja. Kazi zote mbili ni kubwa na ninaziheshimu. Lakini zote mbili zilikata, na kilichokatwa kinatuhusu sisi wa upande huu wa dunia kuliko wengi tunavyofahamu.

Alex Haley hakuwa mfuasi wa Malcolm. Alikuwa amestaafu baada ya miaka 20 katika kikosi cha walinzi wa pwani cha Marekani, akaingia katika uandishi wa majarida. Mwaka 1960 aliandika habari za Taifa la Uislamu, jumuiya iliyoongozwa na Elijah Muhammad, na mwaka 1963 akamhoji Malcolm kwa ajili ya jarida la Playboy. Kisiasa alikuwa mtu wa wastani, aliyeamini kwamba watu weusi na weupe wangeweza kuishi pamoja ndani ya Marekani ileile. Malcolm wa wakati huo hakuamini hivyo hata kidogo.

Wawili hao walikutana usiku, katika chumba cha kazi cha Haley mtaa wa Greenwich Village, baada ya Malcolm kumaliza shughuli za mchana. Mwanzoni mambo hayakwenda. Malcolm alimshuku mwenzake, na kila alipoulizwa habari zake mwenyewe alijibu kwa kumsifu Elijah Muhammad. Haley akagundua kwamba mgeni wake ana tabia ya kuandikaandika kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, akawa anamwekea kahawa pamoja na karatasi za kupangusia mikono. Malcolm alipoondoka, Haley alizikusanya na kuzisoma, maana humo ndimo yalimokuwa mawazo ambayo mdomo haukuyatoa.

Kilichofungua mlango ni swali moja usiku mmoja: Haley alimwomba Malcolm amsimulie habari za mama yake. Louise Little, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, alibaki mjane na watoto wengi baada ya mumewe Earl, mhubiri na mfuasi wa Marcus Garvey, kufa chini ya tramu mjini Lansing, Michigan, mwaka 1931. Polisi waliandika kuwa ni ajali. Familia iliamini ameuawa na wazungu. Mama akahangaika na umaskini na maofisa wa ustawi wa jamii hadi akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kalamazoo, akakaa humo zaidi ya miaka 20. Malcolm aliposikia swali lile alianza kutembea chumbani huku na huku, akazungumza mpaka karibu na alfajiri. Kurasa za mwanzo za tawasifu, ambazo kwangu ndizo bora kuliko zote, zilitokana na usiku ule.

Kisha likatokea jambo ambalo waandishi wengi hawajawahi kukutana nalo: mhusika alibadilika katikati ya kitabu. Malcolm alianza kusimulia akiwa mwanafunzi mtiifu wa Elijah Muhammad. Alitaka hata kukitabaruku kitabu kwa mwalimu wake huyo. Machi 1964 akajitenga na Taifa la Uislamu. Aprili akaenda Makka kuhiji, akarudi akiwa El-Hajj Malik El-Shabazz, ameuona Uislamu usiobagua rangi. Aliporudishiwa kurasa alizokuwa amezisimulia zamani, alichukua kalamu nyekundu akaanza kufuta kila pahali alipomwita Elijah baba. Haley akamsihi asifanye hivyo: msomaji akionywa mapema kuwa mambo yataharibika, simulizi litapoteza nguvu. Malcolm alikasirika, akauliza kitabu hiki ni cha nani. Baadaye akapiga simu na kusema yaachwe kama yalivyo.

Nadhani Haley alikuwa na haki kama msimuliaji. Ndiyo sababu kitabu kinatuchukua hatua kwa hatua, tukamwamini Elijah pamoja na Malcolm na tukavunjika moyo pamoja naye. Lakini hapo tunaona ni mkono wa nani uliokuwa ukiamua umbo la maisha haya. Haley alitaka hadithi ya mtu aliyepotea, akaongoka, akaumizwa na aliyemwongoza, kisha akaongoka mara ya pili. Mambo ya siasa, mipango na hoja za jinsi watu weusi wangejikomboa, yalibanwa. Kuna sura zilizoandikwa ambazo hazikuingia kitabuni kabisa. Baada ya Haley kufariki mwaka 1992, wakili mmoja wa Detroit alizinunua kwenye mnada, akazifungia miaka mingi. Mwanahistoria Manning Marable alipoomba kuziona alipewa dakika chache tu mgahawani. Mwaka 2018 ndipo kituo cha Schomburg cha Harlem kiliponunua muswada pamoja na sura moja isiyowahi kuchapishwa, na watafiti wakapata njia.

Marable aliwapa wasomaji mshtuko mwingine. Katika wasifu wake mkubwa wa mwaka 2011, uliotoka siku chache baada ya yeye mwenyewe kufariki na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, alionyesha kwamba Malcolm alikuza habari za uhalifu wake wa ujanani. Yule kijana wa kitabuni aliyeitwa Detroit Red, mwizi na muuza bangi wa kutisha, alikuwa mkubwa kuliko kijana halisi aliyefungwa Massachusetts mwaka 1946 kwa wizi wa majumbani. Wengine walimlaumu Marable kwa kumchafua shujaa. Mimi sioni uchafu wowote. Mhubiri anayetaka kuonyesha ukubwa wa rehema huanza kwa kuonyesha ukubwa wa dhambi, na Malcolm alikuwa mhubiri tangu alipotoka gerezani mwaka 1952.

Filamu ilichukua miaka 25 kuzaliwa. Mtayarishaji Marvin Worth alinunua haki za kitabu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kazi ya kuandika skripti ikapewa James Baldwin, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kimarekani wa karne ile. Baldwin alienda Hollywood, akagombana na wakubwa wa studio waliotaka kumlainisha Malcolm, akaondoka. Skripti yake aliichapa kama kitabu mwaka 1972. Worth akaishia kutoa filamu ya kumbukumbu halisi mwaka huohuo, na hadithi ya kuigizwa ikaendelea kusubiri.

Mwongozaji aliyepewa kazi hatimaye alikuwa Norman Jewison, mzungu kutoka Kanada. Spike Lee alipinga hadharani, akisema hadithi hii yamfaa mwongozaji mweusi, Jewison akakaa pembeni, Lee akapewa. Naye hakupumua. Mshairi Amiri Baraka aliongoza maandamano Harlem mwaka 1991, akihofu kwamba Lee angemfanya Malcolm chambo cha kuwafurahisha weusi wa tabaka la kati. Pesa nazo zikaisha. Bajeti ilipopita kiasi kilichokubaliwa, kampuni ya dhamana ilishika usukani na kusimamisha kazi ya uhariri. Lee, aliyekuwa tayari ameweka dola milioni 2 kati ya milioni 3 za malipo yake, akawapigia simu watu weusi wenye uwezo: Bill Cosby, Oprah Winfrey, Michael Jordan, Magic Johnson, Janet Jackson, Prince, Tracy Chapman. Walitoa pesa kama zawadi, bila kudai hisa. Alitangaza habari hiyo tarehe 19 Mei 1992, siku ambayo Malcolm angetimiza miaka 67.

Filamu ilitoka tarehe 18 Novemba 1992, ina urefu wa saa 3 na dakika zaidi ya 20. Inaanza na bendera ya Marekani ikiungua hadi kubaki herufi X, pamoja na picha za polisi wa Los Angeles wakimpiga Rodney King. Miezi michache tu ilikuwa imepita tangu mji huo uwake moto kwa ghasia. Lee alituma kikosi cha Waislamu Makka kupiga picha za Hija, jambo ambalo hakuna filamu ya kuigiza ya Marekani iliyokuwa imeruhusiwa kabla yake. Denzel alifunga, alisoma Kurani, alisoma hotuba. Tazama anavyobadilisha mwendo: kijana wa suti pana kwenye ukumbi wa dansi, mfungwa aliyekunja mabega, kisha mhubiri aliyesimama wima kama mlingoti. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar akaikosa. Ikaenda kwa Al Pacino. Naona mpaka leo kwamba haikuwa haki.

Kama Haley, Lee pia alipanga upya. Filamu inamleta mfungwa aitwaye Baines anayemwongoza Malcolm gerezani. Mtu huyo hakuwapo. Aliyemfundisha kupenda vitabu ni mfungwa mwenzake John Bembry, ambaye hakuwa Mwislamu. Waliomwingiza katika Taifa la Uislamu ni ndugu zake wa damu, kwa barua na kwa kumtembelea. Ella Collins, dada yake kwa baba, aliyemchukua Boston akiwa kijana na aliyemlipia nauli ya kwenda Hija, hayumo katika filamu kabisa. Hili linanisikitisha kuliko lile la Baines. Ukiwaondoa ndugu, Malcolm anabaki kama mtu aliyeokotwa na wanaume wageni mmoja baada ya mwingine, wakati kwa kweli alibebwa na ukoo, na ndani ya ukoo huo wanawake ndio waliobeba uzito.

Lakini pengo kubwa ni la mwaka 1964. Filamu inatuonyesha Makka na Misri, kisha inakimbilia mauaji. Kitabu nacho kinaitaja safari ya pili ya mwaka huo kwa haraka, kikiwaorodhesha marais aliozungumza nao. Safari hiyo ilianza Julai na kuisha Novemba. Malcolm alikuwa amekwishaanzisha Umoja wa Waafrika-Wamarekani, jina na mfano akivichukua kwa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliozaliwa Addis Ababa mwaka 1963. Alihudhuria mkutano wa OAU wa Cairo akiwasihi viongozi wa Afrika waisaidie hoja yake: Marekani ishtakiwe mbele ya Umoja wa Mataifa kwa kuvunja haki za binadamu za watu weusi.

Oktoba alifika kwetu. Dar es Salaam alizungumza na Mwalimu Nyerere, wakati nchi ilikuwa bado haijapewa jina la Tanzania. Alikutana na Jomo Kenyatta na Milton Obote. Hotelini Nairobi alikutana na John Lewis na wenzake wa SNCC, vijana wa harakati za haki za kiraia waliokuwa na njia tofauti na yake, wakazungumza kirefu. Na tarehe 13 Desemba, katika ukumbi uleule wa Audubon, alimkaribisha jukwaani Abdulrahman Mohamed Babu, Mzanzibari na waziri wa serikali ya Muungano. Wiki 10 baadaye aliuawa mahali hapo.

Tukio hili halimo katika filamu. Lee alipofika mwisho alikwenda Soweto, akamweka Nelson Mandela darasani mbele ya watoto, ayatamke maneno ya Malcolm. Mandela alikataa kutamka kipande cha mwisho, kile kinachosema uhuru utatafutwa kwa njia yoyote ile, maana alikuwa katikati ya mazungumzo na serikali ya makaburu. Lee akamrudisha Malcolm mwenyewe kutoka katika picha za zamani aimalizie sentensi. Ni mwisho wenye nguvu. Lakini Malcolm hakuwahi kukutana na Mandela, aliyekuwa gerezani. Alikutana na Nyerere na Babu, wakapanga mambo.

Filamu zilizofuata hazikuliziba pengo hilo. Selma ya mwaka 2014 inampa dakika chache akizungumza na Coretta King. One Night in Miami ya mwaka 2020 inambakiza katika usiku mmoja wa Februari 1964, pamoja na Muhammad Ali wa baadaye, Sam Cooke na Jim Brown. Mwandani wa safari ya Afrika ni shajara yake mwenyewe, iliyochapishwa mwaka 2013 kwa uhariri wa Herb Boyd na Ilyasah, binti wa Malcolm. Humo hakuna Haley wa kupanga wala Lee wa kukata. Kuna mtu aliyechoka anayeandika ndege imefika saa ngapi na amekutana na nani.

Kwa wachapishaji wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, naomba shajara hiyo itafutiwe haki za tafsiri na itoke kwa Kiswahili. Kwa waandishi na watengenezaji filamu wetu vijana: magazeti ya Oktoba 1964 bado yanaweza kusomwa, na wazee waliokuwa vijana mwaka ule hawatakuwa nasi siku zote. Nendeni mkawaulize sasa.