Manowari za Kiholanzi Zisizoundwa

Wapo watu wenye kupenda habari za bahari ambao hujifurahisha kwa kuchora manowari ambazo hazikupata kuundwa. Huchukua taifa moja, wakabadili jambo moja katika tarikh yake, kisha wakatafuta ni meli gani ambazo taifa hilo lingalikuwa nazo. Uholanzi hupendwa sana katika mchezo huu, wala si ajabu. Nchi ile ndogo ya Ulaya ilitawala visiwa vya Indonesia, vyenye mafuta, mpira na bati, navyo vilikuwa mbali nayo safari ya majuma kadha. Na manowari zilizovilinda zilikuwa chache mno. Baina ya mali na mlinzi wake palikuwa na pengo kubwa, na fikira hupenda kujaza pengo.

Mchezo huu, hata hivyo, una sheria yake. Mchoraji asiyeeleza fedha zilitoka wapi hachori tarikh, achora njozi. Kuzidisha mizinga juu ya karatasi ni kazi ya dakika moja. Lakini mzinga mzito wataka meli pana, meli pana yataka mtambo wenye nguvu, na mtambo wataka mafuta, gudi la kuipokea meli, na wanamaji wa kulipwa mishahara.

Waholanzi wenyewe wameacha mahali pazuri pa kuanzia. Tarehe 26 Oktoba 1923 Bunge lao liliupigia kura mswada wa kuunda manowari za kulinda visiwa vile. Mswada ulianguka kwa kura 50 dhidi ya 49. Kabla ya hapo watu zaidi ya milioni moja walikuwa wametia saini hati ya kuupinga, katika nchi yenye watu wapatao milioni saba tu. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha miaka mitano nyuma, hazina ilikuwa haba, na wafanyakazi hawakuona faida ya kununua mizinga. Wabunge 10 wa chama cha Wakatoliki, chama kilichokuwamo serikalini, waliungana na wapinzani. Mmoja wao tu angalibadili kura yake, mswada ungalipita. Hapo ndipo wachoraji wengi huanza kuunda meli zao kwa furaha. Walakini mwangalifu hasimami hapo. Kura moja yaweza kupitisha sheria. Haiwezi kufuta saini milioni moja, wala haiwezi kuzuia dhiki ya uchumi iliyoanza 1929. Serikali iliyoshinda kwa kura moja mwaka huu hupunguza matumizi mwaka ujao.

Ushahidi wa jambo hili ni kruza De Ruyter, manowari ya kweli. Ilianza kuundwa 1933, katikati ya dhiki ile, ikaingia kazini 1936. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa meli ndogo zaidi yenye mizinga 6 ya sentimita 15; baada ya mabishano ikakuzwa na kuongezwa mzinga mmoja. Kwa hiyo ilikuwa na mizinga 7, hesabu ya ajabu: mahali patatu palikuwa na mizinga miwili miwili, na huko mbele ukasimama mmoja wa pekee. Hakuna mwenye kuota ambaye angalibuni kitu kama hicho. Mzinga ule wa saba ni mapatano ya mwanamaji aliyetaka zaidi na mweka hazina aliyetaka pungufu, na michoro ya kubuni iliyo bora ni ile yenye makovu ya namna hii.

Hofu ya Ujapani ilipozidi, serikali ilianza kutaka makubwa kuliko yale iliyonyimwa 1923. Mwaka 1939 na 1940 wahandisi walichora kruza tatu za vita, mchoro nambari 1047: kila moja tani 28,000 hivi, yenye mizinga 9 ya sentimita 28, ili kuzishinda kruza nzito za Kijapani zenye mizinga ya sentimita 20. Kwa kuwa hawakuwa na uzoefu wa meli kubwa namna ile, waliomba msaada Ujerumani, na Wajerumani wakawaonyesha kidogo na kuwaficha kingi. Mei 1940 Wajerumani hao hao waliivamia Uholanzi, na mchoro ukabaki mchoro.

Mtihani ulikuja tarehe 27 Februari 1942 katika Bahari ya Java. Admirali Karel Doorman aliongoza kruza tano za mataifa manne, ambazo hazikuwahi kufanya mazoezi pamoja, wala hazikuwa na ndege za kuzipelelezea. Usiku ule De Ruyter na Java zilizamishwa kwa topido, na Doorman akafa pamoja na mamia ya watu wake. Swali la mchoraji, kama mizinga mikubwa ingaliokoa siku ile, lina jibu chungu: topido ilizipasua meli gizani, na deraya ya pande za juu haisaidii sana mahali ambapo adui haonekani.

Tena kuna jambo ambalo michoro huliacha. Februari 1933 wanamaji wa manowari De Zeven Provinciën, Waindonesia na Waholanzi pamoja, waliasi karibu na Sumatra kwa sababu mishahara yao ilipunguzwa. Ndege ya serikali iliiangushia bomu, wakafa watu 23, wengi wao Waindonesia. Katika zile kura 99 za 1923 haikuwamo hata moja ya watu wa Java au Sumatra, na visiwa vilivyobishaniwa vilikuwa vyao. Agosti 1945 walitangaza uhuru. Mwenye kubuni jeshi la bahari la Uholanzi lenye nguvu yampasa aseme pia mizinga ile, baada ya Wajapani kuondoka, ingalielekezwa wapi.

Kruza mbili zilizoanza kuundwa 1939 zilikamilika 1953, wakati Indonesia ilikuwa imekwisha kuwa dola huru. Moja ilipewa jina la De Ruyter, ya pili De Zeven Provinciën. Miaka ya sabini zote mbili ziliuzwa Peru, na De Ruyter ikatumika huko kwa jina la Almirante Grau hata mwaka 2017.