Mzamivu na Swali Lake: Historia Fupi ya Kutafuta Shahada ya Tatu katika Taaluma za Kiswahili



Kila mwaka hunijia kijana aliyehitimu uzamili akaniuliza: "Profesa, niombe chuo gani?" Swali hilo ni halali, ila silo la kwanza. Shahada anayoitafuta tumeiita uzamivu, kutokana na kitenzi kuzama. Mzamaji lulu hujua kwanza anachokifuata chini ya maji, ndipo akatafuta chombo cha kumfikisha. Katika mhadhara huu nitapitia kwa ufupi historia ya safari hiyo, ili ionekane kwamba jambo kuu ndani yake limekuwa ni hili: nani mwenye swali?

Tuanze na mtu ambaye hakupata shahada hiyo. Mwaka 1900, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni wa pwani ya Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887. Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Jina la mhariri lilikuwa la Carl Velten, ilhali sehemu kubwa ya maelezo yaliyomo iliandikwa na Mtoro. Tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1981 ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro mbele ya wasomaji. Maarifa yalikuwa yake. Heshima ya kitaaluma ilikwenda kwa mwingine.

Baada ya hapo milango ilifunguka polepole. Skuli ya Taaluma za Mashariki ya Chuo Kikuu cha London, iliyoasisiwa mwaka 1916 na ambayo baadaye iliongezewa Afrika katika jina lake, ilikuja kuhifadhi miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na W. E. Taylor na William Hichens. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, nacho kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mpango wa ufadhili wa masomo wa Jumuiya ya Madola ulikuwa umekwisha kuanzishwa mwaka 1959. Kwa hiyo msomi wa kizazi hicho aliyetaka kuizamia lugha yake mwenyewe mara nyingi ilimlazimu apande ndege kwanza. Miswada ya babu zake ilikuwa ng'ambo, na wasimamizi pia walikuwa ng'ambo.

Hata hivyo, wapo waliosafiri bila kuyapoteza maswali yao. Farouk Topan alipata uzamivu London mwaka 1972, lakini alichokichunguza ni nyimbo za pepo za Mombasa. Chuo kilikuwa Ulaya, uwanja ulikuwa nyumbani. Euphrase Kezilahabi alikwenda Wisconsin, Marekani, na mwaka 1985 akamaliza tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mugyabuso Mulokozi alibaki Dar es Salaam, akauchunguza utendi wa nanga wa Wahaya, na kumaliza mwaka 1986. Vyuo vitatu, mabara matatu. Kinachowaunganisha ni kwamba kazi ya kila mmoja ilitokana na jambo alilokuwa akilijua na kulijali.

Jambo moja zaidi linawaunganisha: wote watatu waliandika kwa Kiingereza. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970 ikifundisha kwa Kiswahili, lakini ngazi ya juu ilichukua muda kufika huko. Istilahi zilipaswa kujengwa kwanza. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Mwaka 2009 Idara na TUKI ziliunganishwa kuwa TATAKI, na leo tasnifu za uzamivu huandikwa na kutetewa kwa Kiswahili, huko na katika vyuo vingine vya Tanzania na Kenya. Mwombaji wa leo ana chaguo ambalo walimu wake hawakuwa nalo.

Mniwie radhi niseme kidogo juu yangu. Nilipokuwa nikiomba, chuo kimoja cha ng'ambo kilinikubali pamoja na ufadhili, kwa sharti kwamba niiache lahaja niliyopendekeza na kuingia katika mradi wa msimamizi. Nilikataa, nikangoja mwaka mzima hadi nilipopata pengine. Katika mwaka huo mzee niliyemtegemea kuliko wote, mjuzi wa lahaja ile, alifariki. Tasnifu yangu ina sura moja nyembamba, nami najua sababu yake. Hadi leo siwezi kusema kwa yakini kwamba nilichagua vyema. Naweza kusema tu kwamba swali lilibaki langu.

Kwa hiyo, kijana anapouliza aombe chuo gani, humjibu hivi. Andika swali lako kwa aya moja. Soma maandishi ya wale unaotaka wakusimamie, si majina ya vyuo vyao. Ukimwandikia msimamizi, mweleze swali lako na namna kazi yake inavyolihusu. Sifa tupu hazimsaidii. Uliza mapema ufadhili unatoka wapi na una masharti gani, data na miswada iko wapi, na utaandika kwa lugha gani. Ukiandika kwa Kiswahili, jamii uliyoichunguza itaweza kukusoma, lakini watahini wa nje watakuwa wachache. Ukiandika kwa Kiingereza, mambo yatakuwa kinyume chake. Pima mwenyewe. Na kabla hujatuma ombi, nenda ukawarekodi wazee wako. Barua ya chuo huweza kuchelewa, nao hawawezi kuingoja.